Injini Kumi na Nne, Saini ya Ishirini

Bi Mshauri, shikamoo.

Naandika usiku, mke wangu amelala, kwa sababu mchana sina pa kuyasemea haya. Amu ni mji mdogo. Ukikohoa mtaa wa Langoni, wa Mkomani wanakuuliza hali. Kwa hiyo nakuomba usitaje jina langu wala ofisi yangu.

Nina miaka 31. Nafanya kazi katika ofisi moja ya umma inayowahudumia wavuvi. Mwezi uliopita nilipewa barua ya kuteuliwa kwenye kamati ya kukagua na kupokea vifaa. Tuko watatu: mwenyekiti, dada mmoja wa uhasibu, na mimi niliyewekwa kwa kuwa najua mambo ya boti. Tenda ni ya injini 20 za boti za nguvu ya farasi 40, marobota 60 ya nyavu na jaketi 200 za kujiokolea, vigawiwe vikundi vya wavuvi vya Faza, Kizingitini, Ndau na kwingineko. Kwenye LPO, ile hati ya kuagizia vifaa, kila injini ni shilingi 480,000.

Jumatatu ya wiki iliyopita mzigo ulishushwa. Nilihesabu injini 14. Nikahesabu tena, 14. Mwenyekiti akasema sita zimekwama bandarini Mombasa, zitafika wakati wowote. Akasema pia kwamba tarehe 30 Juni mwaka wa fedha unafungwa, na tusipopokea zote 20 pesa zinarudi na wavuvi watakosa kabisa. Cheti cha ukaguzi na mapokezi kimeshapigwa chapa. Kinasema 20, kinasema vifaa vyote vimekaguliwa na viko sawa, tarehe imeachwa wazi. Wenzangu wameshatia saini. Imebaki yangu.

Nyavu sikupewa nafasi ya kuzikagua vizuri. Nilifungua marobota mawili tu. Moja lilikuwa sawa. La pili lilikuwa la ule uzi wa plastiki unaong'aa, monofilamenti, ambao sisi wenyewe huwanyang'anya wavuvi kwa kuwa umepigwa marufuku.

Sasa sikiliza panaponikaba. Mkuu wa idara ni ami yangu. Baba alifariki nikiwa darasa la sita, na ami ndiye aliyenilipia karo hadi chuo, ndiye pia aliyenihangaikia nikapata kazi hii. Kampuni iliyoshinda tenda imeandikishwa kama kampuni ya vijana, na mmoja wa wakurugenzi wake ni mpwa wa mke wa ami. Sijui kama ami anapata chochote. Hajaniambia kitu. Ijumaa baada ya sala alinikuta barazani akasema tu, "Yale makaratasi yamalize, usiwe mzito."

Siku moja kabla ya hapo, Alhamisi jioni, shilingi 15,000 ziliingia kwenye M-Pesa yangu kutoka kwa mtu nisiyemjua. Baada ya dakika kumi mwenyekiti akanipigia: "Hiyo ni ya mafuta, mmezunguka sana." Bi Mshauri, hatukuzunguka popote. Ghala liko hatua chache kutoka ofisini. Pesa sijazigusa.

Na nina jambo jingine ambalo hata mke wangu halijui. Mwaka jana nilikuwa kwenye kamati kama hii. Jaketi zilikuwa 150 kwenye karatasi, zikaletwa 120, nikatia saini. Zile 30 zililetwa Septemba na hakuna aliyeuliza. Nikikataa leo si wataniuliza mbona mwaka jana kalamu haikuwa nzito?

Hadithi ya kulaaniwa mtoa rushwa na mpokeaji naijua tangu madrasa. Lakini mimi sikuomba pesa, na injini huenda kweli zinakuja. Mke wangu anasema nirudishe pesa na niwapigie watu wa kupambana na ufisadi. Mamangu nilimdokezea kidogo tu, akalia, akasema, "Ami yako ndiye baba yako."

Je, huu ni ufisadi kweli, au ni mwendo wa kawaida wa ofisi ambao mimi naukuza? Na nikikataa, nitazama peke yangu?

Mwenye Kalamu Mkononi, Lamu

*

Marahaba, mwanangu.

Umeeleza kwa hesabu, na hesabu ndiyo itakayokusaidia, kwa hiyo nami nianze nayo. Una karatasi inayosema 20 na macho yaliyoona 14. Una nyavu ambazo karatasi inasema zimekaguliwa, nawe ulifungua marobota mawili kati ya 60. Una pesa zilizopewa jina la safari isiyokuwepo. Juu ya hayo yote una ami uliye na deni kwake lisilolipika, na saini ya mwaka jana inayokuziba mdomo. Mambo haya yamefungana kwenye kifundo kimoja, lakini si jambo moja, na nafikiri sehemu ya uzito unaousikia ni kwamba unajaribu kuyafungua yote kwa jibu moja.

Umeuliza kama huu ni ufisadi. Wengi wetu tukilisikia neno hilo tunaiona ile kashfa ya Goldenberg ya miaka ya tisini, mabilioni na magunia ya noti, halafu tukijitazama sisi na saini zetu tunajiona tuko mbali nalo. Sheria ya Kenya ya mwaka 2003 ya kupambana na ufisadi na uhalifu wa kiuchumi haikulifunga neno kwenye hongo peke yake. Ndani yake umo ulaghai, ubadhirifu wa mali ya umma, matumizi mabaya ya ofisi, na kuvunja uaminifu uliokabidhiwa. Hayo mengi yanaweza kufanyika bila bahasha kupita mkono mmoja hadi mwingine. Kwa hiyo "sikuomba pesa" ni kweli na ina maana yake, ila haijibu swali lako lote.

Ukitaka kuutambua ufisadi kazini, usiutafute kwenye nyuso za watu. Shika karatasi ujiulize: hii inafungua mlango gani? Fuata njia ya tenda yenu. LPO ni ahadi ya mnunuzi. Hati ya kuletea mzigo ni neno la muuzaji. Ankara ni dai la muuzaji. Karatasi pekee inayotoka upande wa mwananchi na kusema kitu hiki kipo, nimekiona, ni cheti cha kamati yenu. Mhasibu atakayetayarisha vocha haendi ghalani. Analinganisha tu: LPO 20, cheti 20, ankara 20. Zikikubaliana, malipo yanaingizwa kwenye IFMIS, mfumo wa fedha wa serikali, na pesa zinatoka. Nyuma ya kamati hakuna jicho jingine linalohesabu injini. Ndiyo sababu wanakungojea wewe, kijana wa chini, na si mkubwa yeyote.

Tazama pia kitakachofuata baada yako, maana hapa ndipo watu wengi hawafiki kwa mawazo. Cheti kikisema 20, mtunza ghala lazima aandike 20 kwenye fomu ya kupokelea, ile S13, na kwenye kadi yake ya ghala. Siku ya kugawa, kadi itakuwa na injini sita zisizokuwepo, na lazima zitoke. Zitatokaje? Kwa fomu ya kutolea, S11, na juu yake saini ya mtu aliyezipokea. Mara nyingi huyo huwa mwenyekiti wa kikundi cha wavuvi, mzee wa Ndau au Kizingitini, anayeambiwa weka kidole hapa, yako inakuja. Karatasi ya uongo haikai peke yake. Kila moja huitafutia nyingine saini, na saini hizo huteremka hadi kwa mtu asiye na wakili.

Sasa tuyapime yale uliyoambiwa.

La kwanza, kwamba sita ziko bandarini. Huenda ni kweli. Mizigo hukwama kila siku. Kuchelewa si wizi, na ni dhuluma kumwita mtu mwizi kwa sababu meli imechelewa. Lakini jambo hili lina kipimo chepesi. Kila injini ya boti ina namba yake, iliyopigwa kwenye kibati kilicho kwenye bano la kuishikia boti. Aliyeagiza injini kwa kawaida anazo namba hizo kwenye hati za usafirishaji na za forodha hata kabla ya mzigo kutoka bandarini. Ukiomba kwa maandishi namba za zile sita na nakala ya hati ya kuingiza mzigo, mfanyabiashara wa kweli atakuletea siku hiyohiyo, kwa sababu karatasi hiyo inamtetea. Akizunguka si ushahidi wa wizi, lakini utakuwa umejua kitu ambacho leo hukijui. Na zile 14 zilizopo, je, namba zake umeziandika? Umeangalia chumvi nyeupe kwenye bolti, rangi iliyopakwa juu ya rangi, mikwaruzo kwenye mapanga ya kusukumia maji? Injini iliyowahi kuingia baharini haifichi umri wake kwa anayejua pa kutazama, na wewe umesema unajua boti.

La pili, kwamba pesa zitarudi. Lina ukweli wa nusu, na nusu ndiyo inayokamata. Ni kweli idhini ya matumizi hufika mwisho tarehe 30 Juni, na pesa zisizotumika hurudi mfukoni mwa serikali. Si kweli kwamba njia imebaki moja. Mkataba ambao haujakamilika unaweza kubebwa kwenye bajeti ya mwaka unaofuata au ile ya nyongeza. Ni kazi ya kuchosha, ina barua na vikao, na injini zitachelewa. Basi tuulize zitachelewa kwa nani. Juni ni kusi, mwanangu, wewe wajua kuliko mimi. Bahari ya nje haiendeki kwa starehe. Injini ikifika kabla ya kaskazi kuanza, mvuvi hajapoteza msimu wake. Haraka hii ni ya kalenda ya nani?

La tatu, hili la jaketi za mwaka jana: hakuna aliyeuliza, zilifika Septemba. Nakuomba uliangalie upya, si kwa kujichapa. Kilichotokea ni kwamba muuzaji alilipwa Juni kwa mali aliyoileta Septemba, yaani alikopeshwa pesa za umma miezi mitatu bila riba, na mkopo huo ulidhaminiwa na saini yako. Safari hiyo alirudi. Akilipwa asirudi, mmebaki na nini mkononi cha kumrudishia? Malipo yakishatoka kamba imekatika. Na kama mwaka huu mbinu ni ileile na idadi imekua, kutoka jaketi 30 hadi injini sita, inawezekana mwaka jana ndiyo iliyowafundisha kwamba wewe hutia saini.

Saini ile ya mwaka jana inaweza kuibuka, sikufichi. Kumbukumbu za ununuzi huhifadhiwa kwa miaka isiyopungua sita, na wakaguzi wa Mkaguzi Mkuu hulinganisha tarehe ya S13 na madaftari mengine. Lakini fikiri: je, saini ya pili inaifunika ya kwanza au inaiweka kwenye mnyororo? Hili ni la kuzungumza na wakili kabla hujalizungumza na mtu mwingine yeyote, hata kwa nia njema.

Kabla hatujaingia kwenye njia zilizopo, nikupe kipimo kingine, maana si kila kombo ni ufisadi na ofisi zetu zimejaa uzembe wa kawaida tu. Kosa la kweli hukosea huku na huku: leo muuzaji kapunjwa, kesho kazidishiwa. Ufisadi hukosea upande mmoja siku zote. Basi tazama makosa yanaegemea wapi. Je, hati ya kuletea mzigo ina tarehe ya kabla ya LPO? Tenda kubwa ilikatwakatwa vipande ili isifike kiwango cha kutangazwa? Washindani watatu wametaja bei zinazopishana kidogo kwa kila kitu, na kukosea herufi zilezile? Bei inapita ile ya duka la Mombasa kwa kiasi ambacho nauli na boti haviwezi kukieleza? Kumbukumbu za kikao zimeandikwa kabla kikao hakijakaa? Dalili moja ni dalili tu. Zikifika tatu na zote zinamnufaisha mtu yuleyule, hapo si uzembe tena unaoutazama. Cheti chenu kina moja iliyo wazi: nafasi ya tarehe iliyoachwa tupu. Ukaguzi hufanyika siku fulani. Karatasi inayosubiri kupewa siku yake inasubiri kitu kingine.

Sheria ya ununuzi wa umma ya 2015 imeieleza kamati yenu katika kifungu cha 48: mwenyekiti na wajumbe wasiopungua wawili, wahakikishe idadi, wahakikishe ubora unalingana na mkataba, waandike kama kuna ucheleweshaji, na wakubali au wakatae. Kukataa kumo ndani ya kazi, si uasi. Na kipo kitu ambacho barua yako haikukitaja kabisa: kamati inaweza kutoa cheti cha muda, cha sehemu iliyofika. Injini 14, pamoja na namba zake; jaketi zilizohesabiwa; nyavu zilizofunguliwa na kupita. Zisizofika zikaandikwa hazijafika. Muuzaji atalipwa alicholeta ikiwa mkataba unaruhusu malipo kwa awamu. Huenda wenzako walitia saini ya 20 kwa sababu hakuna aliyewawekea karatasi ya 14 mezani. Yule dada wa uhasibu, umewahi kumuuliza peke yake usiku analalaje?

Njia hii ina hatari yake. Mwenyekiti anaweza kuikataa na kusema watu wawili wameshaamua, wewe ni mmoja. Hapo lipo jambo la kuandika maoni yako tofauti, kwa mkono, juu ya cheti chenyewe au kwa barua kwa afisa mwajibikaji aliyekuteua: "Nilihesabu 14, tarehe fulani, namba hizi." Maneno mawili matatu, bila kumtuhumu mtu. Karatasi ya namna hiyo mara nyingi huwafanya watu wakubwa wasimame, kwa sababu wakishalipa baada ya kuipokea hawana tena "sikujua". Inaweza pia kukuhamisha Kiunga, kule mpakani, kabla ya mwezi kuisha. Uhamisho hauhitaji sababu iliyoandikwa vizuri. Ikifikia kuadhibiwa, mtumishi wa kaunti anaweza kukata rufaa kwa Tume ya Utumishi wa Umma, lakini rufaa ni ya miezi na watoto hula kila siku.

Njia ya kuomba kuondolewa kwenye kamati kwa sababu ya ujamaa na mkuu wa idara ni ya heshima, na mgongano wa maslahi upo kweli. Itakutoa kwenye cheti. Haitakutoa kwenye ulichokiona. Atawekwa mwingine, labda kijana asiyejua injini, naye atatia saini.

Na kutia saini? Sitajifanya kwamba watu hawatii. Hutia kila Juni. Upime mzigo wake tu. Ibara ya 226 ya Katiba inasema ofisa wa umma anayeidhinisha matumizi kinyume cha sheria atailipa hasara yeye mwenyewe, awe bado kazini au ameondoka. Adhabu ya jumla katika sheria ya 2003 ni faini isiyozidi shilingi milioni 1, au kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili, na juu yake faini ya lazima ya mara mbili ya faida iliyopatikana au hasara iliyotokea. Injini sita kwa 480,000 ni 2,880,000. Mara mbili yake ni 5,760,000. Hesabu hiyo haimwulizi mtu kama alipata 15,000 au hakupata kitu.

Tuje kwenye pesa hizo. Rushwa kwetu haijiiti rushwa. Ni chai, ni nauli, ni kitu kidogo, ni ahsante, na mkono mtupu haulambwi. Njia ya kuitambua ni kulinganisha jina na kazi. Posho halali ina safari, ina fomu ya masurufu, inatoka kwenye akaunti ya ofisi. Yako ilitoka kwenye simu ya mtu usiyemjua, ikafafanuliwa kwa mdomo, kwa safari ambayo haikuwepo. Sheria ya Hongo ya 2016, kifungu cha 14, inamtaka mwenye mamlaka aripoti kwa Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi ndani ya saa 24 tangu ajue au ashuku hongo. Saa hizo zimepita, na najua sentensi hii itakuuma. Kuripoti kwa kuchelewa bado ni tofauti kabisa na kutoripoti. Wakili atakueleza namna ya kulieleza hilo. Kuzirudisha kimya kwa namba ileile kutaacha alama kwamba zimerudi, na hilo ni jema, ila peke yake halielezi kwa nini zilikuja. Watu wengi huzitoa taslimu wakamtupia mwenyekiti mezani kwa hasira. Hapo alama ya kupokea inabaki kwenye simu, na ya kurudisha haipo popote. Usiufute ujumbe ule. Pesa hizo usizichanganye na za sokoni.

Mkeo ametaja kuripoti. Tume hiyo ina ofisi Malindi, kwa hiyo si lazima kwenda hadi Nairobi. Ni boti hadi Mokowe, kisha basi kupitia Witu na Garsen. Ina pia njia ya kuripoti bila jina kwenye tovuti yake. Lakini tuseme ukweli kuhusu kutojulikana: kamati ya watu watatu, wawili wametia saini. Taarifa yenye namba za injini itamtaja mwandishi wake hata bila jina. Kifungu cha 21 cha Sheria ya Hongo kinafanya kumshusha cheo au kumtisha aliyetoa taarifa kuwa kosa, kwa faini ya hadi shilingi milioni 1 au kifungo cha hadi mwaka 1, na kifungo cha 65 cha sheria ya 2003 humlinda aliyesema kwa uaminifu. Hiyo ni ngao, ila haina upana wa kufunika kila kitu. David Munyakei, karani wa Benki Kuu aliyetoa nyaraka za Goldenberg, alikamatwa mwaka 1993 na kupoteza kazi. Tuzo ilimfikia zaidi ya miaka kumi baadaye, na alifariki 2006 akiwa hana kitu. Nakutajia huyu kwa sababu mtu atakayekuambia "ripoti tu, sheria itakulinda" hajakuambia yote. Kabla ya hatua hiyo, kituo cha ushauri wa kisheria cha Transparency International Kenya kilichoko Mombasa husikiliza watu kama wewe bure na kwa siri. Kwenda huko si kuripoti. Ni kuuliza.

Lolote utakaloamua, andika leo, kwa mkono wako, kwenye daftari lako la nyumbani: siku gani mzigo ulishuka, nani alikuwepo, ulihesabu nini, nani alisema nini kwa maneno yake. Tenga ulichokiona na unachokidhani. Weka nakala ya barua yako ya uteuzi. Usichukue faili halisi za ofisi wala usitumie kompyuta ya kazi kwa jambo hili. Picha ulizopiga wakati wa ukaguzi zina saa zake ndani. Ziache kama zilivyo.

Nimeliacha la ami mwisho kwa kuwa ndilo zito zaidi, na sheria haina kifungu chake. Umesema hajakuambia kitu, halafu ukasema amekuambia umalize. Nilisoma sentensi ile mara mbili. "Yamalize, usiwe mzito" inaweza kuwa amri ya mtu anayejua kila kitu. Inaweza pia kuwa neno la mkuu anayesukumwa na Juni kama wakuu wote, asiyejua kwamba ghalani ziko 14. Wewe umeshaijaza maana moja. Je, kuna mtu aliyemwambia ile hesabu?

Kumwendea kuna faida na hasara. Kama hajui, utakuwa umemwokoa, maana jina la mpwa wa mkewe litaonekana kwenye CR12 ya kampuni, ile hati inayotaja wakurugenzi wake, ambayo yeyote anaweza kuiomba, na kama hajatangaza ujamaa huo kwa maandishi atakayeulizwa kwanza ni yeye. Kama anajua, utakuwa umemwonya, na karatasi zinaweza kubadilika usiku mmoja. Ukienda, nenda na hesabu peke yake. Usitaje mpwa. Usitaje M-Pesa mpaka umeonana na wakili. Mwambie, "Ami, nimehesabu 14, nimeandika namba zake, nataka kutoa cheti cha 14." Kisha nyamaza umsikilize. Atakachojibu kitakueleza mengi kuliko miaka yote ya karo.

Na mama, aliposema ami ndiye baba yako, sidhani alikuwa anakuchagulia saini. Alikuwa anaogopa kupoteza ndugu mara ya pili. Labda hilo ndilo la kuzungumza naye, badala ya injini.

Zimebaki siku chache, na marobota 58 hayajafunguliwa. Hilo liko ndani ya uwezo wako kesho asubuhi bila kumwomba mtu ruhusa, kwa sababu barua ya uteuzi imeshakupa. Chukua rula. Nyoosha wavu, pima kutoka fundo hadi fundo matundu kumi mfululizo, gawa kwa kumi, linganisha na mkataba. Sokota uzi: ukifumuka nyuzi nyingi ni wa halali, ukibaki uzi mmoja mgumu unaong'aa, unaujua. Jaketi tazama ndani lebo ya newtoni, yaani nguvu yake ya kuelea, mshono, filimbi. Andika idadi ya kila kundi, na mwite yule dada wa uhasibu ashike upande wa pili wa rula.

Niandikie tena ukizipata namba za zile sita. Ukizikosa pia, niandikie.